Kitita cha Miraa cha Wambeti

Wifi yangu Wambeti alishindwa uchaguzi. Nalisema mapema ili asiwepo mtu wa kusoma hadi mwisho akingoja vigelegele. Mimi Kajuju, dada ya mumewe, nilikuwa naye tangu siku ya kwanza ya kampeni, na hadi leo nikipita sokoni Kangeta nikaamkiwa kwa tabasamu na mtu fulani, najua kabisa kura yake ilikwenda wapi. Mnisamehe. Hasira yangu haipoi haraka.

Wambeti hakuzaliwa huku Igembe. Kwao ni upande wa chini wa Embu, karibu na Ishiara, kwenye joto na mawe, ambako watu hufuga mbuzi, hupanda ndengu na kuangalia mawingu. Alikuja kwetu akiwa msichana mwembamba mwenye cheti cha ualimu wa chekechea, akapewa darasa la mabati nyuma ya kanisa letu. Ghafla ndugu yangu Riungu, mdogo wangu niliyembeba mgongoni, akaanza kupenda ibada. Kila Jumapili yuko benchi la mbele, shati limepigwa pasi. Sote tulijua si Mungu peke yake aliyemleta. Mbuzi wakapelekwa Ishiara, harusi ikafanyika, na Wambeti akawa wetu. Hivyo ndivyo nilivyodhani wakati huo.

Vijana wengi wanaoendesha boda hapa mjini ni yeye aliyewafundisha kushika penseli. Kimeru alikijua haraka, ingawa kina lafudhi ya kwao mpaka leo, na watoto wakimcheka naye hucheka. Alikuwa mtu wa kazi yake na nyumba yake. Siasa alizisikiliza redioni kama sisi wengine, huku akichambua maharagwe.

Kilichomtoa darasani ni zahanati. Ilijengwa, ikapakwa rangi, wakaja watu wa suti wakakata utepe, halafu ikafungwa kwa kufuli. Hapakuwa na nesi wala dawa wala maji. Asubuhi moja ya mvua Nelius, binti aliyepitia mikononi mwa Wambeti pale chekechea, alishikwa na uchungu. Boda iliyokuwa ikimkimbiza hospitali ilikwama kwenye tope mbele ya lango la zahanati ile ile. Mimi na Wambeti tulikimbilia pale tukamzungushia leso, akajifungulia hapo kando ya lango, na mtoto hakulia. Wambeti alimpakata yule mtoto kwa muda mrefu mno, mpaka mimi mwenyewe nikamtoa mikononi mwake.

Tulipokuwa tukirudi aliniambia, "Kajuju, hawa watu tutawaomba mpaka lini? Wacha niende nikae pale wanakaa."

Alikuwa anasema kiti cha mwakilishi wa wadi. Nilimtazama nikaona hatanii.

Riungu alikubali, na ninaomba hilo lieleweke, maana watu wamemchora ndugu yangu kama mtu mbaya na yeye si mbaya. Alimsikiliza mkewe hadi mwisho, akasema, "Mama Kirimi, kama umeamua, mimi niko." Kesho yake Wambeti alikuwa mwepesi kama msichana. Aliniambia maneno ambayo nimeyakumbuka mara nyingi tangu hapo: "Nikiwa na Riungu, hao wengine waseme mpaka wachoke. Lakini asiposimama na mimi mbele ya watu, mimi ni nani hapa?"

Kwanza alikwenda kwao kuomba baraka. Nilimsindikiza. Kaka yake Njuki alitukaribisha vizuri, akatuchinjia kuku, akacheka sana aliposikia habari yenyewe. Alipomaliza kucheka alisema, "Dada, mbuzi zako tulishakula kitambo. Sasa kura uzitafute kule mbuzi zilitoka." Alilisema kwa upendo, na ndiyo maana liliuma. Wambeti alikula kuku wake, akashukuru, tukaondoka.

Huku nako tetesi zilikuwa zimeshatutangulia. Kangeta ni mji wa miraa, na miraa ina kazi moja kubwa zaidi ya kuuzwa, nayo ni kufungua midomo. Pale kwenye vibanda ambako wanaume hufunga miraa kwa majani ya mgomba, Riungu alianza kutaniwa. Walimuuliza nani atakayepika ugali mheshimiwa akienda kwenye bunge la kaunti. Walimuuliza kama atamshikia mkoba. Mmoja alimwambia, "Mgeni atoke Embu atutawale, na wewe ndio umemfungulia mlango." Riungu alikuwa akirudi nyumbani na yale maneno bila kuyasimulia. Tuliyajua kwa jinsi alivyokuwa akikalia kiti, mgongo kwa mlango.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa. Mtu akitaka jambo zito kwa wazee, hawaendei mikono mitupu. Huwapelekea kitita cha miraa, nayo si ile ya sokoni. Huchumwa kwenye miti mikongwe iliyopandwa na babu zetu, tunayoiita mbaine, ikafungwa vizuri kwa jani la mgomba. Wazee humuuliza aliyeleta: ni nani anayeomba, na anaomba nini? Wakiridhika, mkubwa wao hukifungua, hutafuna, huwapa wenzake, kisha humbariki mwombaji. Miraa ikishatafunwa ombi limekubaliwa, na hakuna wa kulirudisha. Mwanamke hapandi miti hiyo wala habebi kitita hicho. Mimi niliyezaliwa chini ya miti hiyo na kucheza kwenye vivuli vyake sina ruhusa ya kukishika, sembuse mtu wa Ishiara. Ni lazima mwanamume wa nyumba yake ambebee.

Riungu alipanda mwenyewe alfajiri. Alichagua vijiti kimoja kimoja, vyekundu, laini, akavifunga kwa mkono wa polepole, nikajivunia ndugu yangu. Wambeti alimpigia viatu rangi. Tulitembea watatu hadi kwa mzee Ishmael, mkubwa wa wazee wa upande wetu, na sisi wanawake tukabaki barabarani nje ya ua. Tuliwaona kwa mbali wameketi kwenye viti vyao vifupi. Sauti hazikutufikia, ila mara moja tulisikia kicheko cha wengi. Wambeti alinishika mkono. Kisha tukaona wanatafuna, na mzee Ishmael akasimama akamtemea Riungu mate ya baraka kifuani, kama desturi ilivyo.

Wambeti alilia pale barabarani, kwa furaha. Riungu alipotoka alitupita kwa haraka akisema ana wateja wanamngoja.

Siku iliyofuata nilikuwa sokoni napanga ndizi zangu, akaja Carol, mwenye hoteli ya chai, uso wote umejaa kicheko. "Kajuju, kumbe mlikuwa mnatuficha! Tulisikia ni mwalimu anasimama, kumbe ni Riungu mwenyewe. Wazee wamembariki jana. Hiyo sasa ni maneno."

Nilimwambia amesikia vibaya. Akasema ameambiwa na mumewe, na mumewe alikuwa ameketi pale pale kwa wazee. Niliacha ndizi zangu kwa jirani nikapanda nyumbani, na nilipofika Riungu alikuwa uani, Wambeti amesimama mbele yake na mwiko mkononi. Kumbe habari zilikuwa zimenitangulia.

"Waliniuliza ni nani anaomba," Riungu alisema. Hakuwa akimtazama. "Nikafungua mdomo niseme wewe. Kabla sijasema, mzee mmoja akasema, 'Si ni wewe? Maana tulikuwa tumesikia eti ni bibi yako.' Wote wakacheka. Mama Kirimi, walicheka sana. Nikasema ni mimi."

"Ukasema ni wewe."

"Ulimi ulijiendea."

Wambeti hakupiga kelele. Ningekuwa mimi, mwiko ule ungepata kazi nyingine. Alimuuliza tu, kwa ile sauti anayowaulizia watoto wa chekechea, "Jina langu ni gumu?"

Riungu akajaribu kutengeneza. Alisema labda Mungu ameamua hivyo. Alisema muda wa kupeleka makaratasi bado upo, basi aandikishe jina lake yeye, wapite bila taabu, kisha kazi yote aifanye Wambeti, ya zahanati na ya mengine. "Mimi nitakuwa jina tu," alisema. "Wewe utakuwa ndio mheshimiwa mwenyewe, hapa nyumbani."

"Hapa nyumbani nimekuwa miaka yote," Wambeti akamjibu. "Rudi kwa wazee, Baba Kirimi. Waambie ulikosea. Sitaki kitu kingine kwako."

Kurudi si rahisi. Anayewatafunisha wazee ombi la uongo hutozwa fahali, na fahali si kitu mbele ya aibu. Wambeti alisema fahali atapatikana hata kama ni kuuza kila kitu ndani ya nyumba. Riungu alisema atakwenda Jumamosi. Jumamosi ikapita, akasema mzee Ishmael ana mafua. Wiki nyingine palikuwa na matanga. Kuna watu ambao kesho yao haifiki, na ndugu yangu aligeuka kuwa mmoja wao.

Basi Wambeti alipeleka makaratasi yake peke yake, kama mgombea huru. Nilikuwa naye kwenye foleni. Mbele na nyuma yetu kulikuwa na wanaume waliokuja na ngoma, matarumbeta na vijana wa kuwabeba mabegani. Sisi tulikuwa na chupa ya chai. Karani alimuuliza kama amekuja kumwandikishia mumewe.

Kampeni nitazisimulia kwa kifupi kwa sababu zinanichosha moyo. Mabango yake yalitobolewa macho. Ilisemwa kwamba amemloga Riungu. Ilisemwa pia kwamba amepata mwanamume mwingine kule Meru mjini anayemfadhili, na waliosema walitaja hata rangi ya gari. Asubuhi moja nilimkuta amekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, hawezi kuinuka. "Ninaogopa watu, Kajuju," alisema. "Nilikuwa siogopi watu." Nilimvalisha kile kiatu cha pili kama mtoto, tukaenda.

Lakini matusi hayakummaliza. Kilichommaliza ni ile baraka. Kila tulipokwenda swali lilikuwa moja: si ni mumeo aliyebarikiwa? Mbona unashindana na mwenye nyumba yako? Tulifika kwa mama Igoki, mjukuu wake ndiye yule aliyezaliwa kando ya lango. Bibi huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa kumwambia Wambeti asimame. Alitukaribisha uji, akamshika Wambeti mikono yote miwili, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, kura yangu ilikuwa yako," alisema. "Nelius naye, na wanawake wote wa kikundi chetu. Lakini wazee walishatema mate. Mimi ni mzee, niko karibu na kaburi. Nitaendaje kinyume na mate ya wazee? Mwambie Riungu tutampigia yeye."

Nilifungua mdomo nimweleze kila kitu. Wambeti alinikanyaga mguu chini ya meza. Tulipotoka nilimkabili njiani. Nilimwambia ni wazimu kubeba uongo wa mtu mwingine mpaka ukuvunje shingo. Niache niseme, nilimwambia, ni ndugu yangu, nitamsema mimi.

"Nikimvua nguo sokoni ndio nipate kura, Kirimi na Purity watamtazamaje baba yao?" aliniuliza. Hao ni watoto wao. "Na wewe ukisema, ni maneno ya wanawake wawili. Lazima aseme mwenyewe. Kama yeye hawezi kusema mimi ni nani, wewe utawaambia nini wakuamini?"

Nilikasirika naye siku nzima. Nakiri bado sijui kama alikuwa na haki au alikuwa mjinga, na nimekuwa na muda wa kutosha wa kufikiri.

Mkutano wa mwisho ulifanyika uwanjani Kangeta, wagombea wote pamoja. Kila aliyepanda jukwaani alipanda na mtu wa kumtambulisha. Wambeti alipanda peke yake. Mwenye kipaza sauti, kijana aliyefundishwa naye kuhesabu, alimuuliza mbele ya umati, "Mwalimu, na mwenye nyumba ako wapi? Si tumwone Riungu!" Watu wakapiga miluzi, wakaanza kuita Riungu, Riungu. Na Riungu alikuwepo. Alikuwa amesimama pembeni na wanaume wenzake wa vibandani, jani la mgomba kwapani. Wambeti alimtazama. Uwanja wote ukageuka kumtazama. Nilikuwa nikisema moyoni, sasa mdogo wangu, sasa, hatua ishirini tu na neno moja. Aliinamisha kichwa akaanza kuchambua miraa yake.

Wambeti alishika kipaza sauti akazungumza habari za zahanati. Alizungumza vizuri. Sauti yake haikutetemeka, na nilijua inamgharimu nini. Lakini watu walikuwa wameshaona walichokiona.

Siku ya kupiga kura nilikuwa wakala wake kwenye shule yetu. Wanawake wazee wasiojua kusoma walikuwa wakimwomba karani awaonyeshe jina la Riungu. Karani aliwajibu hakuna Riungu hapa. Nilikatazwa na sheria kusema neno, nikakaa kwenye kiti changu kama gogo. Wengine walitia alama kwa mtu mwingine ili safari isiwe ya bure. Mama Igoki aliikunja karatasi tupu akaitumbukiza. Usiku huohuo matokeo yalibandikwa mlangoni. Aliyemshinda alimpita kwa watu ambao wangeenea kwenye kanisa letu, na kanisa letu ni dogo.

Wambeti alirudi darasani kwake. Katika nyumba ile walikuwa wakisalimiana, wanakula, wanalala. Sikusikia ugomvi. Ningefurahi kuusikia.

Kisha wazee wakamwita Riungu. Walikuwa wametafuna miraa ya mtu aliyeomba kiti na jina lake halikuonekana popote, na jambo hilo liliwachoma. Safari hii lilikuwa baraza la wazi, kwa kuwa ni kesi. Watu walijaa, na sisi wanawake tukasimama kando ya ua, tukaweza kusikia kila neno. Fahali alikuwa amefungwa mtini.

Mzee Ishmael aliuliza, "Riungu, siku ile ni nani alikuwa anaomba?"

Ndugu yangu alisimama. Alikuwa amekonda. "Ni Wambeti," alisema. "Mke wangu. Mwalimu. Miraa nilichuma kwa ajili yake, na yeye alikuwa amesimama hapo barabarani ananingoja. Mimi nilimficha."

"Kwa nini ulimficha?"

"Niliogopa kuchekwa."

Nilizungusha macho kwa wale wanaume wote, wa vibandani na wa sokoni, wale wa mkoba na wa ugali. Hakuna aliyecheka. Wengine waliangalia chini. Mzee Ishmael akasema, bila ukali, "Ungetuambia. Labda tungekataa, labda tungekubali. Lakini tungekuwa tumemsikia."

Wambeti hakungoja fahali achinjwe. Alijifunga leso yake vizuri akaondoka, nami nikamfuata. Riungu alitukuta nyumbani, anahema, amekimbia kama kijana.

"Mama Kirimi, nimesema," alimwambia. "Nimesema mbele ya wote. Umesikia?"

"Nimesikia," Wambeti alisema. "Nilikuwa nimelitaka sana hilo neno, Baba Kirimi. Nilikuwa nalitaka wakati ule." Akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba, na ndipo nikasikia akilia, kilio ambacho hakukitoa kwa matusi wala kwa mabango wala usiku wa matokeo.

Riungu alikaa kwenye ngazi ya mlango. Baadaye akainua uso akanitazama, jinsi alivyokuwa akinitazama alipokuwa mdogo na amevunja kitu.

"Kajuju," aliniuliza, "mbona hawakucheka?"

Nilimpita pale alipokuwa ameketi, nikaingia ndani kwa mwenzangu.